Kipimo cha Mgongo

Endebess, saa mbili usiku, umeme umekatika.
Cheptoek alilitundika shanta langu
kwenye mizani yake ya vitunguu, ile ya kulabu,
mshale ukashuka hadi ishirini na mbili, ukatetemeka.
"Mulongo," akasema, "unapanda Koitoboss
au unahama?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.
Akamwaga kila kitu juu ya gunia:
suruali tatu, viatu vya kanisani,
mkebe mzima wa majani ya chai,
kitabu kinene ambacho hata nyumbani sijakisoma.
Akanimulika usoni kwa kurunzi.
"Hivi viatu. Kule juu kuna harusi?"

Kisha akaanza upya, bila haraka.
Mfuko wa kulalia chini kabisa, ujaze pembe zote.
Vizito katikati, vibanane na uti wa mgongo:
unga, jiko na gesi yake, maji.
Kizito kikikaa mbali na mwili
kinakuvuta nyuma
kama mtoto aliyekataa kwenda shule.
Soksi akazisokomeza ndani ya sufuria,
maana sufuria tupu hupiga kelele njia nzima.
Koti la mvua likaingia mwisho, juu ya vyote;
mvua ya Elgon haibishi hodi.
Mandazi, mfuko wa pembeni. "Hayo ni yangu."

Mizani ikasema kumi na tatu na nusu.

Nikalivaa. Likanining'inia makalioni.
Cheptoek akapitisha kidole kwenye mikanda,
akasimama mahali, akarudi tena pale pale.
"Hili shanta ni la nani?"

La Mukhwana. Pacha wangu.
Alinitangulia duniani kwa dakika ishirini
akanitangulia Doha kwa miaka sita,
analinda mlango wa jengo la vioo
ambalo ghorofa zake hajawahi kuzipanda.
Mwanzoni alipiga simu kila Jumapili.

Pale bizimu zilipobana, utepe ulikuwa na mikunjo,
kipimo chake, kimekauka
pamoja na chumvi nyeupe ya jasho lake.
Sikuwahi kuigusa mikunjo ile.
Menengai nilizunguka hivyo hivyo,
nikarudi Kitale mabega yamechubuka,
nikadhani ndivyo milima ilivyo.

Akanipima kwa shubiri,
kutoka kifundo cha shingo
hadi juu ya mfupa wa nyonga.
"Tumbo moja," akasema,
"lakini mgongo wako umepungua vidole vinne."

Akalegeza yote.
Nilitaka kumwambia ngoja.

Kiuno kwanza: mkanda ukae juu ya mfupa,
si tumboni, si mapajani. Bizimu ikalia ta!
"Nyonga zibebe. Mabega yashike tu."
Ndipo akavuta ya mabega, taratibu,
kisha vile vikanda vidogo vya juu
ambavyo nilidhani ni mapambo,
na mzigo ukaja, ukaniegemea mgongoni
kama mtu aliyechoka kusimama peke yake.
Cha kifuani akakiacha kilegee kidogo.
"Utataka kupumua."

Wahenga wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Mukhwana kwenye simu ni usufi mtupu:
niko sawa, kazi ni sawa, joto tu.
Sijui mizani ya kule ingesema ngapi.

Kesho yake tulipumzika kwenye mdomo wa pango,
pale kuta zilipokwanguliwa
na pembe za ndovu wanaokuja usiku kutafuta chumvi.
Nililitua shanta, nikatazama utepe.
Mkunjo wa zamani ulikuwa nje ya bizimu,
unaning'inia, mweupe bado.
Ndani yake, mwingine. Hafifu,
hata huwezi kusema ni mkunjo.

"Linakuumiza?"
Mdomo wake ulijaa mandazi.
Nikasema hapana,
nikashangaa kwamba ni kweli.